Nyaya Nilizozipishanisha

Melkiori mwanangu,

Mambo ya soksi za sufu, ya dawa ya malaria na ya kutomwamini mtu anayekuchekea upesi, mama yako ameshakueleza, na kwa jinsi ninavyomjua atakueleza tena kesho mpaka mlango wa ndege ufungwe usoni pake. Mimi siongezi kitu hapo. Nina neno moja tu, na nimelibeba tangu alasiri kama mtu aliyeshika kaa la moto mdomoni huku wageni wanamwambia acheke.

Neno lenyewe ni hili: miguu yako imefundishwa kinyume, na mwalimu aliyeifundisha ni mimi.

Kama hukuelewa, soma tena. Mimi nilipoambiwa niliomba kuambiwa mara ya pili, kisha nikakaa juu ya ndoo, na ndoo ilikuwa na maji. Mama yako aliponiuliza kwa nini nimelowa suruali siku ya sherehe ya mwanangu, nilimwambia ni jasho. Hakuamini. Jasho la wapi linalotoka sehemu moja tu?

Ngoja nianze mbali kidogo, maana ukipewa hasira peke yake bila hadithi yake utaibeba vibaya safarini.

Ulikuwa bado kibogoyo wa meno ya mbele wakati boti ya mizigo ilipoleta chuma chakavu kutoka ng'ambo, baada ya zile fujo za Uvira. Mimi nilikuwa pale bandarini nikikalafati mashua, yaani kuziba nyufa zake, na wewe uliniletea chakula. Juu ya rundo la mabati na ekseli alikuwa amelala huyo mnyama: ndege ya vita ya zamani, ya ile vita kubwa ya Wazungu, kiti kimoja, elisi, ile panga inayozunguka puani, imejikunja kama majani ya mgomba yaliyopigwa na mvua ya mawe, bawa moja halipo. Uliliacha bakuli langu chini, nzi wakala kabla yangu.

"Papa, iyi iko ya kweli?"

"Ilikuwa ya kweli," nikakujibu. "Sasa iko sufuria."

Sikukutania. Mwenye mzigo, mfanyabiashara mmoja wa kule mtaa wa Asiatique, alikuwa anangoja mafundi waje kuikatakata na kuiyeyusha. Ukalia kilio ambacho hukulia hata siku ya kuzikwa bibi yako. Nilishangaa. Mimi ni mtu wa mbao. Sikujua kwamba mtoto anaweza kulilia bati. Nikaenda kwa yule bwana, nikamtengenezea milango ya duka lake, naye akaniachia kiti, fimbo ya kuongozea, mkono wa mafuta, ubao wa miguu na nyaya zake, na zile saa za mbele zenye mishale. Vingine vyote viliingia motoni. Ile sufuria kubwa ya mama yako, yenye sikio moja, ni bawa. Nusu ya ndege ile tumeilia bugali.

Unakumbuka nilivyoijenga. Kwa kuwa mikono yangu inajua kitu kimoja tu, nilijenga mashua. Nilianza na ubao wa chini, nikaweka mbavu, nikapigilia mbao za pembeni, na kabla sijajua nilikuwa nimeikalafati kama itakayoingia majini. Mtaa wetu mzima wa Bwiza ulipita kutuchungulia juu ya ua. "Fundi Zakaria, ziwa liko kule chini! We unangoja gharika?" Nikawaambia ndiyo, nangoja, na nyinyi hamtapata nafasi. Nikaisimamisha juu ya kitovu cha gurudumu la lori kilichofukiwa ardhini, ili pua izunguke, na chini yake nikaweka springi ili mkia upande na kushuka. Nikaweka kiti. Ukapanda. Nikangoja sifa.

"Papa, ya kweli haikukuwa na harufu ya mbao."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nimezaa mkaguzi.

Miaka yote iliyofuata uliniendesha kwa neno hilo moja, *ya kweli*. Zile saa nilizipigilia kwenye ubao. Ukasema mishale ya kweli inatembea. Nikamwomba fundi wa saa anitilie springi, ikatembea, yote kwa pamoja, hata ile ya mafuta ikawa inapanda badala ya kushuka, na wewe ukasema ndege inayojijaza mafuta angani haijazaliwa. Nikaning'iniza tambara la mafuta machafu ya injini karibu na pua yako. Ukaridhika na harufu, ukaanza na baridi. Ulisoma katika gazeti la picha la wamisionari kwamba huko juu miguu inaganda. Basi fundi Zakaria, mtu mzima, mzee wa kanisa, akaanza kuomba barafu kwa Mgiriki wa boti za samaki, Bwana Stavro, na kuibeba kwa gunia mpaka nyumbani ili mwanawe agande vidole katika jua la Bujumbura. Barafu yenyewe ilikuwa imelala na samaki. Sidhani kama kuna rubani mwingine duniani aliyepaa juu ya mawingu akinuka ndagala.

Na upepo alikuwa mama yako. Hilo usilisahau hata ukiwa mkubwa mwenye vitambaa vya dhahabu mabegani. Alisimama mkiani na kuusukuma juu, chini na pembeni, "Upepo wa Ruzizi! Upepo wa mlimani!" na ukichelewa kuinyoosha alikupiga upepo mwingine kwa kanga. Akichoka alisema, "Upepo unaenda kusonga bugali," na anga lote la Burundi likatulia.

Nakukumbusha haya ili ujue kwamba sikufanya mchezo. Nilipima. Urefu kutoka kiti hadi fimbo nilipima kwa kamba katika ile ndege yenyewe kabla haijakatwa. Kila kitu nilichokiona nilikifuata. Kila kitu, ila kimoja.

Kimoja hicho ni nyaya za miguu.

Nililala chini ya lile dude pale bandarini, mgongo kwenye tope, nikaangalia. Ubao wa miguu ulishikwa katikati kwa msumari mkubwa. Kutoka kila ncha ulitoka waya, wa kulia ukaenda kulia, wa kushoto ukaenda kushoto, moja kwa moja mpaka usukani wa mkiani. Nilizifuata kwa kidole. Kisha nikacheka peke yangu kule chini, kicheko cha mtu aliyemkamata Mzungu amekosea. Kwa sababu shika usukani wa baiskeli, mwanangu. Usukume mkono wa kulia mbele. Gurudumu linaenda wapi? Kushoto. Nenda kwenye mashua, sukuma mkono wa usukani upande wa kulia. Pua inaenda wapi? Kushoto. Kila mtu anajua. Mbuzi akipanda mashua mara mbili anajua. Nikasema: hawa waliobomoa ndege hii huko ng'ambo walizifungua nyaya na kuzirudisha ovyo. Wangezipishanisha, kila moja upande wa pili, ndipo ingekuwa sawa. Nilipofika nyumbani nikazifunga kwenye kile kitovu cha gurudumu ili miguu izungushe pua, na nikazipishanisha. Nilifurahi, Melkiori. Nilimwambia mama yako, "Leo nimesahihisha ndege ya vita."

Basi nikueleze ujuzi huo niliupata wapi, maana ulinigharimu.

Nilipokuwa kijana kule Uvira, bado sijavuka ziwa kuja huku, nilikuwa mwanafunzi wa fundi mmoja mkali aliyekuwa na mashua ya mizigo. Siku ya kwanza aliyoniachia usukani akasema, "Peleka kulia," nami nikausukuma kulia kwa nguvu zangu zote za ujinga. Mashua ikaenda kushoto, ikapanda juu ya mashua ya watu waliokuwa wamelala, na ule mkono wa usukani ukarudi na kunipiga mdomoni. Pengo unalolijua, ambalo nimekudanganya miaka yote kwamba nililipata nikipigana na kiboko, ni pale. Fundi hakunipa pole. Alisema tu, "Sasa hutasahau." Na kweli sikusahau. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Somo lililokutoa jino hulichukui kama somo la mashua. Unalichukua kama sheria ya dunia. Ukiona kitu kisichoifuata, huulizi. Unakisahihisha.

Sasa leo.

Wewe ulikuwa umekwenda kumuaga shangazi yako kabla ya safari ya shule ya urubani. Mimi nilikuwa uani nikifagiafagia ili wageni wasione aibu zetu. Bwana Stavro akaingia na kofia yake mkononi, tumbo mbele, yeye nyuma. Alikuja kuulizia mashua yake, lakini macho yake yakaenda kwenye lile gunia la barafu.

"Fundi, tangu miaka unaniomba barafu. Leo niambie. Unagandisha nini?"

"Ndege, patron."

"Kuku?"

Nikampeleka nyuma ya nyumba. Nilitegemea acheke kama wengine, nami nilikuwa na maneno yangu tayari. Hakucheka. Aliizunguka polepole, akaigusa pale fimbo ilipo, akaondoa mkono kama imemuunguza.

"Nani alikupa iyi?"

"Ilikuja na chuma chakavu."

"Mi nilikuwa mu iyi," akasema. "Si iyi yenyewe. Dada yake."

"We, patron? Na samaki?"

"Samaki ni baadaye. Nilikuwa na miaka makumi mbili. Nilikuwa na nywele."

Melkiori, nimemtengenezea mtu huyu mashua tangu hujaota jino la kwanza. Najua anavyotukana kwa lugha nne. Najua mguu upi unamuuma mvua ikikaribia. Sikujua kwamba alikuwa juu huko, peke yake, katika vita, na watu wanamtafuta wamuue. Nilisimama na ufagio kama askari.

Akaingia. Kuingia kwenyewe kulikuwa kama mtu anayejaribu suruali ya harusi yake baada ya watoto saba. Nilimsukuma kwa bega. Lakini alipokaa tu, akafumba macho, na sijui nikueleze vipi. Ule mkono wa kushoto ulikwenda kwenye mkono wa mafuta bila kutafuta. Wa kulia ukashika fimbo kwa vidole vitatu tu, vile unavyoshika wewe. Akavuta harufu ya tambara. Akasema, "Fundi, we ni mchawi. Ni yenyewe." Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye kope zilizofungwa, na mimi, nakiri, nilivimba. Nilijiona mrefu. Nilianza kutafuta maneno ya kukusimulia ukirudi.

Akabonyeza mguu wa kulia.

Mashua yangu ikazunguka kushoto.

Akafungua macho. Akabonyeza tena. Ikaenda kushoto tena, vizuri, bila kelele, maana nilikuwa nimeitia mafuta asubuhi kwa heshima ya wageni.

"Iko nini iyi?" Akajaribu wa kushoto, tukaelekea kwenye banda la kuku. "Fundi. Nani alifunga waya?"

"Mi."

"Mu ndege zilikuwa hivi?"

"Apana, patron. Zilikuwa zimenyooka. Walikosea, nikazisahihisha."

Niliyasema hayo kwa majivuno kidogo. Bado yananiuma masikioni. Alinitazama kama anavyotazama nyavu zilizochanika. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, na sauti ndogo kwa Stavro ni kitu cha kutisha:

"Mutoto anaenda lini?"

"Kesho."

Akasema kitu kwa Kigiriki, akafanya ishara ya msalaba kwa namna ya kwao, bega la kulia kwanza, kinyume na sisi.

Alinieleza mara mbili, ndipo nikakaa kwenye ndoo, nami nakueleza kama nilivyosikia. Ndege haitumii akili ya baiskeli. Mguu wa kulia, pua inaenda kulia. Basi, hakuna mafumbo. Na hizo za zamani zenye injini kubwa puani, unapoanza kukimbia chini ili upae, injini yenyewe inaivuta pua kushoto kwa nguvu kama ng'ombe aliyeona majani. Mguu wa kulia ndio unaoishika. Lazima ujibu kabla kichwa hakijauliza. Na huko unakokwenda, akasema, ndege za kufundishia nyingi ni za ukoo huohuo, wazee waliobaki kutoka vitani.

"Nilikuwa na mwenzangu," akasema. "Mguu wake ulichelewa. Ulichelewa tu, fundi, haukukosea! Bawa likashika chini. Asubuhi tulikuwa tumemuazima sabuni."

Nikashika lile jambo ambalo kila mzazi mwoga angelishika. Nikamwambia, "Lakini, patron, si anaenda shuleni? Watamufundisha upya."

"Watafundisha kichwa. Kichwa kitasema *oui, monsieur, oui, monsieur*. Siku injini itapiga kelele na woga kuingia, mguu utarudi kwa baba yake."

Mguu utarudi kwa baba yake. Nimeyarudia maneno hayo leo kuliko sala zangu.

Ukarudi kutoka kwa shangazi yako na lile shati jeupe. Wageni wakaja. Unajua yaliyofuata, ila hukuyaona kutoka mahali nilipokuwa nimesimama mimi. Watu walikuwa wameshiba samaki wa mukeke na wanataka kuona. "Melkiori, turushe mara ya mwisho!" Mama yako akajifunga kanga, akaenda mkiani. Ukapanda. Ukapiga kelele, "*Décollage!*", yaani tunapaa, na mama yako akasukuma mkia hadi pua ikaenda kushoto, kama tulivyozoea kukutega.

Nikatazama miguu yako.

Mguu wa kushoto ulitoka kama nyoka. Haukufikiri. Ulikuwa mwepesi, safi, mzuri kabisa, na ulikuwa unakuua. Pua ikanyooka, watu wakashangilia, na mimi nikapiga makofi. Hilo ndilo linalonifanya nishindwe kulala. Nilijua, na nilipiga makofi. Mikono ilijipigia yenyewe, kwa sababu watu wote walikuwa wanapiga, na kwa sababu mwanangu alikuwa mzuri vile. Jirani akanigusa bega: "Zakaria, umetoa rubani!" Nikamwambia, "Ndiyo, ndiyo," nikaenda kuangalia bia kama zimepoa.

Halafu nikakusikia unawaambia vijana wenzako, "Wengine wataanza sifuri. Mi nimeshaanza zamani." Ni maneno yaleyale uliyowaambia wakubwa waliokuhoji ili upelekwe shuleni, wakacheka kwanza, kisha wakaandika jina lako. Unayo haki ya kujivuna. Ulikaa kwenye barafu ya samaki kwa ajili yake. Lakini niliogopa, kwa sababu nakujua. Wewe ni mtoto wa mtu ambaye alikubali kung'oka jino kuliko kuuliza upi ni kulia. Utafika huko, utagundua siku ya kwanza kwamba miguu inakusaliti, na utaona aibu. Utanyamaza. Utajisahihisha kimyakimya, usiku kitandani, na utawaonyesha kichwa tu. Na kichwa kitafaulu mitihani yote.

Wageni walipotoka nilimwambia mama yako. Alikuwa anasugua masufuria. Aliacha kusugua.

"We Zakaria. Mi ndiye nilisukuma mkia miaka yote."

"Ndiyo, Yustina."

"Basi na mi nilimufundisha?"

Akakaa chini palepale kwenye majivu. Nilitamani anitukane. Baadaye nikamwambia wazo langu la woga, kwamba labda tunyamaze, kijana asije akavunjika moyo mlangoni, shule ina walimu wake, Mungu yupo. Akainua kichwa.

"Usipomwambia, mi namwambia kesho mbele ya ndege. Na sauti yangu unaijua."

Naijua. Hata abiria wa Ulaya wangeijua.

Basi nimekuja uani na koleo. Nyaya nimezifungua. Nimezinyoosha kama nilivyozikuta bandarini, ya kulia kulia, ya kushoto kushoto. Kazi ndogo kuliko kuwasha kiko. Nikapanda mwenyewe. Usicheke; kiti kinanienea. Nikajiambia, "Zakaria, kulia," nikabonyeza kulia, ikaenda kulia, na mwili wangu wote ukakataa kama umepandishwa mashua inayopaa kwa kurudi nyuma. Nikajiambia tena, haraka. Nikakosea. Tena. Nikakosea. Kuku wameamka wote. Nimekosea mpaka nimeacha kuhesabu, na mimi sikuwa na injini puani wala woga wa kufa. Nilikuwa na jogoo tu anayenitukana. Kwa hiyo ninachokuomba nakijua uzito wake.

Nakuomba hivi. Siku ya kwanza, kabla hujashika kitu chochote chao, mwendee mwalimu, umwambie: baba yangu ni fundi wa mashua, alinijengea ndege nyumbani, akafunga nyaya kinyume, na miguu yangu imezoea hivyo tangu utoto. Mwambie hivyohivyo, mbele ya wenzako kama hakuna faragha. Usiseme *nilikuwa na mazoea kidogo*. Usiseme *nadhani*. Watacheka. Watakuita mashua, watakuita ndagala, watakuita majina ambayo mimi na wewe hatujayasikia. Waache. Unipe mimi lawama yote. Niko mbali, hawatanifikia, na mgongo wangu umebeba mbao nzito kuliko kicheko. Mwalimu akijua, atautazama mguu wako na si kichwa chako. Bwana Stavro anasema mwalimu mzuri ataweka mkono wake tayari. Anasema kuna waliorekebishwa. Nilimuuliza wangapi, akaangalia pembeni.

Na kama watakuambia kwamba haiwezekani, kwamba miguu imeshakomaa, basi rudi nyumbani. Rudi na koti lako na sabuni yako. Nitawaambia Bwiza nzima kwa mdomo wangu, mlango kwa mlango, kwamba kosa lilikuwa la nani. Nina mashua moja inayongoja mbavu na mikono yangu haitoshi. Afadhali unichukie hapa mezani kila siku kuliko nikupende kwenye picha.

Sijui kama utanisamehe mapema. Usijilazimishe. Ulipokuwa mdogo uliniuliza mara elfu kama hiki au kile ni cha kweli, na nilikujibu ndiyo kwa saa, kwa harufu, kwa baridi. Hukuniuliza kuhusu nyaya kwa sababu uliniamini. Mimi ningependa uendelee kuniamini, lakini kuanzia leo uniulize.

Barua hii nimeiviringisha ndani ya kiatu chako cha kulia, ili usiweze kuondoka bila kuikuta. Ukiisha kuisoma, hicho kiatu usikivae kwanza. Gari la kwenda uwanja wa ndege litakuja jua likiwa limeshatoka, na kabla ya hapo tuna muda kidogo. Njoo uani na miguu mitupu. Ukitaka, pita kimya bila kunisalimia, nitaelewa. Panda. Nitakuwa nimekaa chini pembeni, karibu na ubao wa miguu, ili niione miguu yako vizuri.

Anza na wa kulia. Bonyeza, tuangalie wote wawili pua inakwenda wapi.

Baba yako,
Zakaria